Roald Dahl na Somo la Kuanguka: Funzo la Urubani kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Huko Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, upepo wa kiangazi huvuma kwa nguvu, na watoto hawakosi tiara. Mtoto huiunda kwa vijiti, karatasi na uzi, kisha akaifunga mkia wa kitambaa. Mkia ukiwa mfupi, tiara huzunguka mbio na kuporomoka. Mtoto huiokota, huongeza mkia, huirusha tena. Hakuna anayemkemea, wala yeye haoni haya.

Tuliyatazama hayo tulipokwenda huko kuwaangalia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Jambo lililotusumbua ni hili: mtoto yule yule, akiitwa ubaoni kufanya hesabu ya kugawanya, huganda na kuinamisha kichwa. Kosa analolizoea uwanjani humtisha darasani. Nasi hatukuwa na msaada mkubwa. Zaidi ya mara moja tuliwashauri wanachuo wawaite mbele watoto hodari tu, ili somo lipendeze na muda utoshe. Ushauri huo ulikuwa mbaya, na makala haya yanakusudia kuusahihisha.

Tutafanya hivyo kwa kueleza maisha ya Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto aliyefariki mwaka 1990. Wengi humfahamu kwa vitabu vyake. Ni wachache wanaofahamu kuwa katika ujana wake alifanya kazi Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, na kwamba urubani aliufundishwa Nairobi. Hatumchagui kwa sababu ni mtu wa kuigwa katika kila jambo. Mapungufu yake tutayataja. Twamchagua kwa sababu alipitia hali tatu za kufundishwa ambazo kila mwalimu hana budi kuzitambua: kufundishwa kwa hofu, kufundishwa kwa kuongozwa katikati ya hatari, na kutupwa kazini pasipo kufundishwa.

Utoto na shule ya fimbo

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na Cardiff, katika nchi ya Wales. Wazazi wake walikuwa Wanorwe, naye alipewa jina la mvumbuzi Roald Amundsen. Mwaka 1920, alipokuwa na umri wa miaka mitatu, dada yake mkubwa alifariki, na baada ya wiki chache baba yao akafuata. Mama alibaki na mzigo wa malezi, akaubeba kwa ushupavu.

Shule alizosoma zilitawaliwa na fimbo. Alipokuwa mtoto mdogo, yeye na wenzake waliweka panya mfu katika mtungi wa peremende wa duka moja. Mwalimu mkuu akawachapa mbele ya mwenye duka. Mama yake alipoona alama za fimbo mwilini mwa mwanawe alikasirika sana, na hatimaye akamwondoa shuleni hapo. Baadaye mtoto alipelekwa shule ya bweni, kisha mwaka 1929 akaingia shule ya Repton. Huko, mbali na walimu, hata wanafunzi wakubwa walikuwa na ruhusa ya kuwachapa wadogo. Alikaa Repton hadi mwaka 1934.

Kumbukumbu hizo hazikumtoka. Alipokuwa mzee wa miaka karibu sabini aliziandika tena kwa uchungu katika kitabu cha utoto wake kiitwacho Boy, kilichotoka mwaka 1984. Tena tukumbuke kwamba walimu wake wa Kiingereza hawakuona ndani yake dalili yoyote ya mwandishi; taarifa zao za shule zilimweleza kuwa mtu asiyeweza kupanga mawazo yake. Hofu ilimfundisha kujificha, na mwalimu hawezi kukiona kipaji kilichojificha.

Kufika Tanganyika

Mwaka 1934 Dahl aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akatumwa Dar es Salaam. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Aliishi maisha ya Mzungu wa kikoloni, mwenye watumishi na nyumba nzuri, akisafiri bara kuwatembelea wateja wa kampuni. Kiswahili alijifunza kwa sababu kazi ilikidai.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, alipewa askari wa King's African Rifles awaongoze katika kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Miezi miwili baadaye, Novemba 1939, aliendesha gari lake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilometa 970, ili ajiunge na jeshi la anga la Uingereza. Alikubaliwa pamoja na vijana wengine kiasi cha kumi na sita. Katika kundi lile hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Mwana wa nchi aliruhusiwa kubeba bunduki, lakini urubani haukuwa wake. Na katika kundi lile lile, ni vijana wachache sana waliouona mwisho wa vita.

Namna urubani ulivyokuwa ukifundishwa

Kabla hatujamfuata Dahl angani, yafaa tueleze chanzo cha mbinu aliyofundishwa kwayo, maana hapo ndipo lilipo funzo letu.

Katika miaka ya kwanza ya ndege, marubani waliogopa jambo moja kuliko mengine yote: ndege kuzunguka kama pia huku ikiporomoka. Sababu yake ni hii. Bawa hubeba ndege kwa kuikata hewa kwa mwinamo mdogo. Rubani akiinua mno pua ya ndege huku mwendo ukipungua, hewa haipiti tena juu ya bawa kwa utulivu. Huvurugika, na bawa hupoteza nguvu ya kubeba. Bawa moja likitangulia kulegea kuliko jenzake, ndege huangukia upande huo na kuanza kuzunguka. Hapo rubani asiyejua huvuta usukani kwake ili ainue pua. Kwa kufanya hivyo hulinyima bawa hewa zaidi, na kuzunguka huendelea hadi chini. Silika yake ndiyo inayomwua.

Wakati huo sarakasi za angani zilihesabiwa kuwa upuuzi. Mwaka 1913 rubani Mrusi Pyotr Nesterov alipiga kitanzi kwa ndege juu ya mji wa Kiev, yaani aliizungusha ndege wima hadi akawa kichwa chini, kisha akairudisha sawa. Wakubwa wake kwanza walimwadhibu kwa kuhatarisha mali ya serikali, na baadaye ndipo wakamsifu.

Vita vya kwanza vya dunia vilibadili fikra. Mwingereza Robert Smith-Barry, aliyeongoza kikosi cha ndege huko Ufaransa mwaka 1916, aliona vijana wakiletwa vitani hali hawajui kurusha ndege sawasawa, nao wakifa upesi. Alilalamika, na hatimaye akapewa shule ya kufundishia marubani huko Gosport, Uingereza. Kuanzia mwaka 1917 aliyapindua mafunzo. Mwanafunzi aliketi katika kiti cha rubani hasa, wala si kiti cha abiria. Mwalimu alikuwa na usukani wake pia, na aliongea na mwanafunzi kwa mpira wa kusemea uliounganisha kinywa na masikio, kwa kuwa kelele za injini zilikuwa nyingi. La muhimu zaidi, mwanafunzi hakuepushwa na hatari. Alipelekwa ndani yake makusudi, akiwa na mwalimu wake, akaelezwa sababu ya kila tukio, na hakuachwa mpaka aweze kujitoa mwenyewe. Hivyo kitanzi, kupinduka na kuzunguka kama pia vikawa masomo ya lazima.

Wiki nane za Nairobi

Dahl alifundishwa Nairobi kwa ndege aina ya Tiger Moth. Ilikuwa ndege ndogo yenye mabawa mawili juu na mawili chini, na viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Mwalimu aliketi mbele na mwanafunzi nyuma. Dahl alikuwa na kimo cha karibu sentimeta 198, kwa hiyo kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo, akapata taabu ya kuvuta pumzi. Dawa yake ilikuwa kufunga kitambaa puani na mdomoni. Baada ya kufundishwa saa 7 na dakika 40 angani, aliruhusiwa kuruka peke yake.

Lakini kuruka peke yake hakukuwa mwisho wa mafunzo. Katika wiki nane za kituo kile vijana walifundishwa kupiga kitanzi, kuruka kichwa chini, kujitoa katika kuzunguka, kutua injini ikiwa imezimwa, kutua upepo ukivuma kwa ubavuni, na kusafiri peke yao hadi Nakuru au Eldoret na kurudi.

Tulitazame somo moja kama andalio la somo. Kwanza mwalimu huchukua ndege juu sana. Kisha hupunguza mwendo wa injini, huinua pua hadi bawa lilegee, na kukanyaga kanyagio la upande mmoja la usukani wa mkia. Ndege huanguka na kuanza kuzunguka. Dunia yote huzunguka mbele ya macho ya mwanafunzi. Mwalimu hueleza kwa sauti ya kawaida anachokifanya: injini ipunguzwe, kanyagio la upande ulio kinyume na mzunguko likanyagwe, usukani wa mkono usukumwe mbele. Mzunguko ukikoma, makanyagio husawazishwa na pua huinuliwa polepole. Halafu hurudia, mwanafunzi akishika usukani pamoja naye. Halafu mwanafunzi hufanya, mwalimu akiwa ameondoa mikono lakini yu tayari. Mwisho mwanafunzi hufanya akiwa peke yake.

Hali kadhalika kitanzi kina funzo lake. Rubani hukandamizwa kitini wakati wa kupanda. Akiwa kichwa chini, mikanda ndiyo inayomshika, na injini ya Tiger Moth huweza kukatika kwa kukosa petroli, kwa kuwa petroli yake hutiririka kwa uzito wake wenyewe. Anayeyapata hayo mara ya kwanza hudhani amekwisha. Anayeyapata mara ya kumi hutafuta upeo wa macho, akajua mbingu iko wapi na ardhi iko wapi, na kuendelea na kazi. Sarakasi hizo hazikuwekwa katika mafunzo kwa ajili ya kupigiwa makofi. Ziliwekwa ili rubani asipoteze akili siku mambo yatakapopinduka.

Zingatieni pia kwamba yote hufanyika juu sana. Kimo ni akiba ya rubani. Kosa lililofanywa futi 4,000 juu ya ardhi ni somo; kosa hilo hilo futi 200 juu ya ardhi ni mauti. Mwalimu wa urubani hamfundishi mwanafunzi asikosee. Humchagulia mahali ambapo kosa halimgharimu sana, na humsindikiza humo.

Kutupwa pasipo kufundishwa

Kutoka Nairobi Dahl alipelekwa Habbaniya, magharibi ya Baghdad huko Irak, akaendelea na mafunzo kwa miezi kama sita kwa ndege kubwa zaidi. Agosti 1940 alihesabiwa kuwa rubani kamili, akapangiwa Kikosi Na. 80, kilichokuwa kikipigana na Waitalia katika jangwa la Misri na Libya.

Hapo mambo yalibadilika. Kikosi kilitumia ndege aina ya Gladiator, yenye kiti kimoja tu. Dahl hakuwahi kuiendesha, na aliambiwa kuwa hatafundishwa kuiendesha wala kupigana nayo; atajifunza mwenyewe. Tarehe 19 Septemba 1940 aliagizwa aipeleke ndege hiyo mpya kikosini kwake. Kwa maelezo yake mwenyewe, mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi. Jua lilikuwa likizama na petroli ikiisha. Akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga mwamba. Alijikokota kutoka motoni akiwa na fuvu lililopasuka na pua iliyovunjika, na kwa muda macho yake hayakuona. Alikaa hospitalini Alexandria hadi Februari 1941.

Aprili 1941 alipelekwa Ugiriki akiwa na uzoefu wa saa 7 tu katika ndege nyingine mpya kwake, Hurricane, na bado bila somo lolote la mapambano ya angani. Aliyemsaidia ni rubani mwenzake, David Coke, aliyeketi naye akamweleza namna ya kumkabili adui. Maelezo hayo ya jioni moja ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake yote ya kupigana. Tarehe 20 Aprili 1941 alikuwa miongoni mwa marubani 12 walioruka kuutetea mji wa Athens dhidi ya ndege nyingi za Wajerumani. Ndege tano kati ya zile 12 ziliangushwa, na marubani wanne walikufa. Dahl alirudi. Coke naye alirudi siku hiyo, lakini aliuawa vitani kabla mwaka haujaisha.

Katikati ya mwaka 1941 maumivu ya kichwa yaliyotokana na ajali yalimzidi, akarudishwa Uingereza. Hakuruka tena vitani.

Mwandishi na mwalimu wa nyumbani

Mwaka 1942 Dahl alitumwa Washington, katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwomba amwandikie kumbukumbu za vita ili yeye Forester azitengenezee makala. Alipozisoma aliona hazihitaji kutengenezwa, akazipeleka zichapwe kama zilivyo. Kwa hiyo kijana ambaye walimu wake walisema hawezi kupanga mawazo akawa mwandishi akiwa na umri wa miaka 25, pale alipopata jambo la kusema na mtu wa kumsikiliza. Vitabu vyake vya watoto vilifuata: James and the Giant Peach mwaka 1961, Charlie and the Chocolate Factory mwaka 1964, Matilda mwaka 1988. Mwaka 1986 alitoa Going Solo, kinachosimulia maisha yake ya Dar es Salaam, Nairobi na vitani.

Misiba haikumwacha. Mwaka 1960 mwanawe mchanga aligongwa na gari mjini New York akaumia kichwa. Dahl alishirikiana na fundi mmoja na daktari mmoja kuunda kifaa kidogo cha kutoa maji kichwani, ambacho kiliwafaa watoto wengi. Mwaka 1962 binti yake Olivia, mwenye umri wa miaka saba, alifariki kwa surua. Mwaka 1965 mkewe, mwigizaji Patricia Neal, alipatwa na kiharusi, akapoteza uwezo wa kusema na kutembea. Dahl alipanga ratiba ya saa nyingi kila siku, akawaita majirani waje kwa zamu kumfundisha tena maneno, kusoma na kuhesabu. Wapo waliomwona mkali mno. Lakini mama huyo alirudi katika filamu mwaka 1968.

Tuseme na upande wa pili. Toleo la kwanza la Charlie liliwachora vibarua wa kiwanda kama watu wafupi walioletwa kutoka misitu ya Afrika, wakilipwa kwa kakao. Lilipingwa kwa haki, naye akalibadili katika toleo la mwaka 1973. Aidha alitoa maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Jamaa zake waliomba radhi hadharani mwaka 2020. Mwalimu atakayetumia vitabu vyake na ajue hayo, maana mtu aliyeonja uonevu wa wakubwa hakuacha kuwaonea wengine kwa kalamu yake. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa Great Missenden, Uingereza.

Mafunzo kwa mwalimu

Ndugu mwanachuo, kutokana na maisha haya twaona mambo manne.

Kwanza, kosa si adui wa somo. Katika kugawanya, mathalani, watoto wengi huanguka pale penye sifuri katikati ya jibu: 824 kugawanya kwa 8 huwapa 13 badala ya 103. Msiikwepe hesabu ya namna hiyo. Ipelekeni ubaoni makusudi, angukeni pamoja na watoto, kisha muulize: je, 13 mara 8 yatupa 824? Mtoto na aione hatari, aijue sababu yake, na ajue njia ya kutoka.

Pili, mpeni kimo. Darasani, kimo ni muda na usalama: kosa lifanyike mapema, lisichekwe, lisipewe fimbo, wala lisiandikwe katika daftari la alama. Anayekutana na kosa hilo mara ya kwanza katika mtihani wa mwisho yuko karibu mno na ardhi.

Tatu, fuateni hatua. Mwalimu aonyeshe na kueleza. Mwalimu na mtoto wafanye pamoja. Mtoto afanye mwalimu akiwa karibu. Mtoto afanye peke yake. Aghalabu sisi huruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kisha tukamlaumu mtoto.

Nne, nalo latuhusu sisi wakufunzi na walimu wakuu. Mwalimu mpya anayekabidhiwa darasa kubwa siku ya kwanza, akaambiwa atajifunza mwenyewe, ametiwa katika ndege yenye kiti kimoja. Asipopata mwenzake wa kuketi naye jioni, huvuta usukani upande ule ule unaomwangusha: hupaza sauti, kisha huchukua fimbo. Kila shule na iwe na David Coke wake.

Siku ya mwisho ya mazoezi huko Mwankoko tulimwomba mwanachuo mmoja amwite ubaoni mtoto aliyekuwa akijificha nyuma. Mtoto alikosea. Mwanachuo hakufuta kosa lile wala hakumnyang'anya chaki. Alisimama kando yake na kumwuliza ameanzia wapi. Ilichukua muda, na somo halikumalizika. Mtoto alirudi mahali pake akiwa amepata jibu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike, aliinua mkono kuomba swali la pili.

Maswali ya kujadili

1. Tajeni mada moja ya hisabati na moja ya Kiswahili ambazo watoto huanguka mara kwa mara. Andaeni somo linalowapeleka katika kosa hilo makusudi na kuwatoa.
2. Ni mambo gani darasani humnyima mtoto kimo cha kukosea kwa usalama?
3. Dahl alichapwa akiwa shuleni na aliongozwa akiwa Nairobi. Linganisheni alichojifunza katika kila hali.
4. Mtamsaidiaje mwalimu mpya katika mwezi wake wa kwanza kazini?